Tangi la Mimea Katika Mji wa Maji Mawili

Mtu anayetaka kulima bustani chini ya maji jijini Nairobi hana budi kuuliza swali moja kabla ya kununua kioo, taa wala samaki: maji yanayoingia nyumbani kwake yanatoka wapi, na je, ni yale yale mwezi mzima? Nimefuga mimea ya majini kwa miaka kadhaa katika nyumba ya kupanga mtaa wa South B, na karibu kila jambo ninalolijua kuhusu uraibu huu limetokana na swali hilo. Maelekezo mengi yanayotoka ng'ambo huanza na taa na mbolea, pengine kwa sababu waandishi wake wana mfereji unaotoa maji ya aina moja mwaka mzima. Kwetu mfereji mmoja hutoa maji mawili yasiyofanana hata kidogo.

Ya kwanza ni maji ya jiji. Sehemu kubwa yake hutoka bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, na mengine hutoka Sasumua na vyanzo vinavyolishwa na mito ya milima ya Aberdare. Ni maji ya mvua na misitu, yenye chumvi chache, na kinachomsumbua mfugaji ni klorini inayotiwa ili kuua vijidudu. Ya pili ni maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mtambo, ambayo wenye nyumba wengi huyafungulia siku ambazo zamu ya mgao haijafika mtaani, au ambayo huletwa na lori. Maji haya yamekaa muda mrefu ndani ya miamba ya volkeno, yakabeba sodiamu na bikaboneti (chumvi yenye kaboni) kwa wingi, na mara nyingi pia floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Kipimo cha pH, yaani cha asidi na besi ambacho katikati yake ni 7, aghalabu husoma zaidi ya 8. Ajabu ni kwamba kalsiamu na magnesiamu huwa kidogo, kwa hiyo sabuni hutoa povu bila taabu, na anayeyapima kwa mikono ya kufulia huyaita maji laini.

Msimamizi wa ploti yetu, mzee mwenye subira, alikuja kuwa mshauri wangu wa kwanza wa maji bila kukusudia. Aliponiona nikishuka na ndoo alikuwa akiniambia, "Mwalimu, leo acha, ni ya kisima," nami nilimjibu, "Asante, mzee," nikarudi juu na ndoo tupu. Majirani walidhani tunazungumzia maji ya chai.

Mimea ilinionyesha tofauti hiyo kabla sijanunua vipimo. Katika msimu mmoja wa kiangazi, mgao ulipokuwa mgumu na kisima kikafanya kazi kwa wiki nyingi mfululizo, kuvumwani wa Java, ule mmea laini unaofunika mbao kama zulia, ulisimama kukua na kuanza kugeuka kahawia. Wakati huo huo valisneria, yenye majani marefu kama utepe, ilikuwa ikitambaza machipukizi chini ya mchanga hadi ikafika upande wa pili wa tangi. Taa ilikuwa ile ile na mbolea ile ile.

Sababu yake ni kaboni. Mmea ulio chini ya maji hupata kaboni kwa shida, kwa kuwa hewa ukaa husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani. Katika maji yenye pH ya 8.3 au zaidi, karibu kaboni yote iliyoyeyuka huwa katika umbo la bikaboneti, na hewa ukaa yenyewe haizidi takriban asilimia 1. Valisneria, seratofilamu na elodea zina uwezo wa kuitumia bikaboneti hiyo. Kuvumwani na mimea mingi iliyozoea vijito vyenye asidi haina. Zikiwekwa pamoja, zile za kwanza huimaliza hewa ukaa asubuhi, kisha hugeukia bikaboneti na kuendelea kukua, pH ikipanda mchana kutwa, huku jirani zao wakishinda njaa katika maji ambayo kwa kipimo cha jumla yamejaa kaboni. Tangu nilipoelewa jambo hili niliacha kuuliza ni mmea upi mzuri au rahisi, nikawa nauliza unakula nini.

Niliamua mambo mawili. Kwanza, nilinunua pipa la lita 200, nikawa nalijaza kila maji ya jiji yanapofika, hata kama ni saa nane za usiku, na kuyaacha wazi kwa siku nzima ili klorini ipotee. (Palipo na kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kungojea hakusaidii; hapo hutumika dawa ya sodiamu thiosalfeti.) Pili, nilichagua mimea inayovumilia maji yote mawili: anubiasi, kangaga wa Java, kriptokorini, na valisneria katika kona moja iliyozuiwa kwa mawe. Hubadilisha takriban robo ya maji kila wiki, na pipa likiisha na kisima kikawa ndicho kilichobaki, sibadilishi zaidi ya lita chache. Hii si hofu ya bure. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia yenye sumu huongezeka karibu mara kumi, hivyo uchafu ambao jana haukumdhuru samaki unaweza kumuua leo, ingawa maji yaliyoongezwa ni safi kabisa. Maji ya mvua nayo ni laini kupita yote, ila yakipitia mabati ya zamani hubeba zinki, na kamba wadogo wa majini hawaistahimili.

Wapenzi wengi wa bustani hizi hutatua njaa ya kaboni kwa kutia hewa ukaa kutoka kwenye mtungi, wakilenga takriban miligramu 30 kwa lita, ilhali maji yaliyoachwa wazi huwa na karibu nusu miligramu tu. Mimi nilitumia kwanza chupa ya plastiki yenye sukari, hamira na maji ya uvuguvugu, iliyounganishwa kwa mrija mwembamba hadi ndani ya tangi. Mtambo huu wa jikoni hufanya kazi, na gharama yake ni ndogo, lakini haujui kulala: hutoa gesi usiku kama mchana, na usiku mimea haiihitaji bali yenyewe huvuta oksijeni sawa na samaki. Hapa ndipo mwinuko wa Nairobi unapoingia. Tukiwa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa yetu ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Maji ya nyuzi 25 mjini Mombasa yanaweza kushika takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Hapa yanashika karibu 6.7. Kipimo cha gesi ambacho ni salama kwa mtu wa pwani hutuacha sisi bila akiba, na alfajiri samaki hupanda juu kuvuta pumzi kwenye uso wa maji.

Kwa maoni yangu, mkazi wa Nairobi anayeanza hana haja ya gesi. Nimeona matangi mazuri yenye mitungi, na siyakatai, lakini aliyeamua kuitumia inampasa aifunge usiku kwa vali, aridhike na kiwango cha chini kuliko kinachoandikwa, na aache kichujio kitikise uso wa maji hata kama kufanya hivyo kunapoteza sehemu ya gesi aliyoilipia. Aliyeamua kuishi bila gesi, kama mimi, apunguze mwanga. Taa kali huamsha njaa ambayo kaboni iliyopo haiwezi kuishibisha. Mmea husimama, na mwani hupata nafasi. Taa yangu huwaka saa sita kwa siku tangi likiwa jipya, na saa nane mimea ikishashika mizizi. Jua la dirishani silitegemei. Hapa karibu na ikweta dirisha linalotazama kaskazini hupata jua katikati ya mwaka na lile la kusini hupata mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo tangi lililokuwa kivulini mwezi Machi linaweza kujikuta juani bila kusogezwa.

Nifike kwenye vifaa, sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa karibu kila kitu cha kujengea bustani hii kinapatikana mwendo wa saa moja kutoka katikati ya jiji.

Kioo hukatwa na mafundi wa jua kali kwa bei nafuu kuliko matangi yanayoagizwa. Langu lina urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45, yaani lita 182 likijazwa hadi ukingoni. Ukiongeza mchanga, mawe na kioo chenyewe uzito unapita kilo 200, na meza ya kawaida ya televisheni haiwezi kuubeba. Fundi alitaka kutumia silikoni ya bafuni. Nilimwomba atumie ile ya kawaida inayonuka siki inapokauka, kwa sababu ya bafuni hutiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa viumbe wa majini. "Kaka, hii ya bafuni ndiyo kali," alisisitiza, na kwa kazi ya bafuni alisema kweli.

Udongo wa South B ni ule mweusi unaonata, ambao wakati wa mvua huvua watu viatu. Ndani ya tangi hufura, na ukiguswa kidogo maji yanakuwa tope kwa siku nzima. Udongo mwekundu wa nyanda za juu za Kiambu ni jambo jingine: una chuma kwa wingi, chembe zake hushikamana, na mizizi ya kriptokorini huufurahia. Huchukua ule wa pembezoni mwa shamba ambako samadi haikumwagwa, kwa sababu samadi ikizama hutoa amonia kwa wiki nyingi. Huuloweka, kuuanika hadi ukauke, kuuloweka tena, kisha kuupitisha kwenye chekeche. Tabaka la sentimita mbili au tatu linatosha, nalo hufunikwa kwa sentimita tatu au nne za mchanga wa mto. Utaratibu huu wa udongo chini na mchanga juu ulipata umaarufu kupitia Diana Walstad, Mmarekani aliyetetea matangi yanayojiendesha kwa udongo na mimea bila mitambo mingi. Mchanga wa Machakos unaouzwa kwa wajenzi ni mzuri, ila uoshwe mpaka mkono unachoka. Tabaka likiwa nene mno hukosa hewa na kutoa haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza. Konokono wadogo wenye gamba refu lililosokotwa, wanaojichimbia mchangani mchana, husaidia kulizuia hilo.

Mawe hupimwa kwa siki. Tone likitoa povu juu ya jiwe, jiwe hilo lina chokaa na litapandisha ugumu wa maji siku zote. Kokoto nyeupe zinazouzwa na watengenezaji wa bustani ni za kushukiwa, kwa kuwa nyingi ni marumaru, jiwe linalochimbwa Kajiado. Matumbawe ya pwani hali kadhalika. Mawe meusi ya volkeno, yenye matundu, hayatoi povu, na mizizi ya anubiasi huyakumbatia kwa wepesi.

Mbao zilinifundisha jambo ambalo halimo katika maelekezo yoyote niliyowahi kusoma. Kisiki kikavu cha mbuni kina umbo la kupendeza mno, matawi yaliyopindana na mbao ngumu inayozama upesi, na Kiambu visiki hivyo hung'olewa kila shamba linapogeuzwa kuwa viwanja vya nyumba. Nilimwendea mzee mmoja aliyekuwa akiving'oa. Alinisikiliza, akaangalia kisiki nilichokuwa nimekishika, akasema, "Mwanangu, mti huu umekunywa dawa kuliko hospitali." Akanieleza jinsi kahawa ilivyonyunyiziwa dawa ya shaba mwaka baada ya mwaka dhidi ya ugonjwa wa tunda la kahawa, ambao ulitambuliwa nchini mwetu katika miaka ya 1920. Shaba haiozi wala haipotei juani, na kamba wadogo na konokono hufa kwa kiasi kidogo sana. Nilikirudisha kisiki, na mzee akanipa shina la mpera lililokufa nyuma ya jiko lake, ambalo halikuwahi kunyunyiziwa kitu. Nililichemsha vipande vipande katika sufuria ya sherehe. Maji yaligeuka rangi ya chai, na wiki za mwanzo mbao ikaota utando mweupe. Utando huo hauna madhara, na konokono huumaliza.

Katika upangaji, kila mtu wa uraibu huu ana deni kwa Takashi Amano, mpiga picha Mjapani wa Niigata aliyeishi kati ya 1954 na 2015. Ndiye aliyeonyesha kwamba tangi linaweza kupangwa kama mandhari: mawe kwa idadi isiyo shufwa, moja likiwa kubwa na kuinama upande ambao mkondo ungelisukuma, nafasi tupu ikiachwa kwa makusudi. Kazi yake ya mwisho iliyo kubwa, tangi la urefu wa mita 40, iko katika Oceanário, jumba la viumbe wa baharini mjini Lisbon, Ureno. Lakini kuiga milima ya Japani ukiwa hapa kunanishangaza, ilhali magharibi mwa jiji letu kuna vilima vya Ngong vyenye mgongo wa vifundo kama ngumi iliyofumbwa. Mgongo huo ndio niliouchukua. Mchanga wangu una kina cha sentimita sita mbele na kumi na mbili nyuma, ukizuiwa na mawe yaliyofichwa ili usiporomoke, na kina hicho cha nyuma ndicho maskani ya wale konokono wachimbaji. Vifundo vinne vya mawe ya volkeno viko nyuma, visilingane kimo, na kilele kikuu hakiko katikati bali karibu na theluthi moja ya urefu. Mimea yenye majani mapana iko mbele na ile ya majani membamba nyuma, jambo linalolifanya jicho lidhani kilima kiko mbali. Shina la anubiasi halifukiwi; hufungwa juu ya jiwe kwa uzi, kwani likizikwa huoza. Mmea huu asili yake ni kando ya mito ya Afrika Magharibi na ya Kati, na sijaacha kuona kichekesho katika kuununua kama kitu cha kigeni.

Mbolea nayo niliitafuta karibu. Duka la pembejeo za kilimo huuza potasiamu nitrati inayotumiwa kwenye vibanda vya maua, na chembe chache zikiyeyushwa hutosha wiki nzima. DAP na CAN, ambazo kila mkulima anazijua, zisikaribie tangi, kwa kuwa zote zina amonia ndani yake. Kabla ya kutia chochote, majani husomwa. Jani la zamani likigeuka manjano lote, naitrojeni imepungua na mmea unaihamishia kwenye majani machanga. Jani la zamani likitoboka matundu madogo, potasiamu ndiyo inayotiliwa shaka. Jani changa likitoka limepauka huku la zamani ni la kijani, chuma kimekosekana, kwani chuma hakihamishiki. Kriptokorini likiyeyuka lote baada ya kuhamishwa, halina ugonjwa. Linajizoesha maji mapya, na mizizi ikiachwa mahali pake majani mapya hutoka.

Samaki waliingia mwisho, baada ya wiki sita hivi, bakteria walipokwisha kujijenga vya kutosha kugeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Sikuchukua samaki wa dhahabu, maana hung'oa kila kinachopandwa. Kati ya Juni na Agosti maji yasiyopashwa moto ndani ya nyumba zetu hushuka hadi nyuzi 18 au 19, na samaki wadogo wa Guangdong, China, waitwao Tanichthys albonubes, pamoja na kamba wekundu aina ya Neocaridina, huistahimili baridi hiyo bila kipasha joto. Hata mwani hupungua miezi hiyo. Umeme ukikatika, kinachonishughulisha si taa bali kichujio; natumia cha sifongo kinachoendeshwa na pampu ya hewa yenye betri. Swichi ya saa ya kuzungusha nayo husimama pamoja na umeme, kwa hiyo baada ya mwezi wa kukatika-katika taa huweza kuwa inawaka usiku wa manane, na hulazimu kuirekebisha.

Mimea ikistawi hupogolewa, na mapogoleo hayo yana hatari yake. Gugu maji lililoziba ghuba za Ziwa Viktoria kuanzia miaka ya 1990 na kulifunika Bwawa la Nairobi, lisilo mbali na kwetu, lilitoka Amerika Kusini na kusambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Salvinia molesta, mmea mwingine unaoelea, nayo ilivamia Ziwa Naivasha katika miaka ya 1960. Kwa sababu hiyo simpi mtu mmea unaoelea, wala simwagi kipande chochote chooni au mtaroni. Vivyo hivyo sichoti mimea mitoni. Mifereji ya mpunga ya Mwea, kwa mfano, ina konokono wanaoeneza kichocho, na ndoo ya majani mazuri kutoka huko ni ndoo ya konokono hao pia. Machipukizi mazima huwapa wenzangu yakiwa yamefungwa katika gazeti bichi ndani ya mfuko. Yaliyosalia huanikwa juu ya paa mpaka yakauke kabisa, kisha huchanganywa na udongo wa magunia ya sukuma wiki ambayo msimamizi wa ploti anayatunza huko juu, na ambayo humwagiliwa maji ninayoyatoa tangini, yaliyojaa nitrati.